Disiki inakufa, kiti kisikae wazi: somo la Musumba kwa wenye serveri

Katika ofisi nyingi za Lualaba, kuanzia Kolwezi mpaka teritware za Kapanga, Sandoa na Dilolo, daftari kubwa la karatasi linaanza kuachia ordinatere nafasi. Majina ya wagonjwa, vyeti vya kuzaliwa, pointi za wanafunzi, mishahara ya walimu: yote yanaingia ndani ya mashine moja inayoitwa serveri. Mara nyingi mashine hiyo inatumia Linux, kwa sababu Linux hailipishwi. Na mwenye kuiuza huwa na neno moja la kutuliza wanunuzi: kwamba ina RAID, kwa hiyo hakuna kitakachopotea.

Neno hilo linapaswa kuchunguzwa kabla feza hazijatolewa. RAID ni kitu kizuri, na kila serveri inayobeba habari za watu inastahili kuwa nayo. Lakini RAID isiyoangaliwa na mtu, isiyo na disiki ya akiba ndani ya kabati, na isiyo na nakala katika nyumba nyingine, ni hatari mara mbili. Inaondoa hofu ya wakubwa bila kuondoa hatari yenyewe.

Kiti na mwenye kukikalia

Ili kuelewa jambo hili, Musumba ni mahali pazuri pa kuanzia. Huko, katika teritware ya Kapanga, ndiko makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda. Wanahistoria wameandika sana juu ya desturi moja ya Walunda: mtu anakufa, lakini cheo chake hakifi. Anayemrithi anachukua jina la cheo, nafasi yake, na hata undugu wake. Cheo kilichokuwa ndugu ya cheo kingine kinabaki ndugu yake, hata kama waliokikalia wamebadilika mara kumi. Hivyo ufalme ulidumu hata wakati musumba yenyewe ilipokuwa ikihama, kwa maana zamani kila mfalme mpya alijenga makao yake mapya.

RAID inafuata akili ya namna hiyo. Mwaka 1988, watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walitoa andiko lililoonyesha kwamba disiki nyingi za bei ndogo zikifungwa pamoja zinaweza kufanya kazi ya disiki moja kubwa ya bei kali. Walijua pia kwamba disiki nyingi zinaharibika mara nyingi kuliko moja. Kwa hiyo walipanga habari ziandikwe kwa namna ambayo disiki moja ikifa, zile zinazobaki zinaweza kujaza pengo lake. Disiki mpya inaingia, inachukua nafasi ya marehemu, na kazi inaendelea.

Lakini desturi ya Walunda inafundisha pia upande wa pili: cheo kinaendelea ikiwa mrithi anawekwa. Kiti kikikaa wazi muda mrefu, matata yanaanza. Ndivyo ilivyo kwa disiki.

Namna za kupanga disiki

Kuna namna kadhaa za kupanga kundi la disiki, na kila mwenye kununua sherti ajue ameuziwa ipi. Chukua disiki nne, kila moja ya terabaiti 4.

RAID 0 inatoa nafasi yote, terabaiti 16, na inakwenda mbio. Lakini disiki moja ikifa, kila kitu kinakwenda nayo. Hiyo si ulinzi, ingawa inabeba jina la RAID. RAID 5 inatoa terabaiti 12 na inavumilia kifo cha disiki moja tu. RAID 6 inatoa terabaiti 8 na inavumilia vifo viwili. RAID 10 nayo inatoa terabaiti 8: disiki zinakaa mbili mbili kama mapacha, kila moja ikishika nakala ya mwenzake. Na kwa ofisi ndogo kuna RAID 1, disiki mbili tu, moja ikiwa kioo cha nyingine.

Wauzaji wanapenda RAID 5 kwa sababu inaonyesha nafasi kubwa kwa bei ndogo. Hapo kuna mtego. Disiki moja ikifa na mpya ikiwekwa, kundi linapaswa kujijenga upya kwa kusoma disiki zote zinazobaki, mwanzo mpaka mwisho. Disiki ya terabaiti 8 ikiandikwa kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde inahitaji karibu masaa 15, na serveri yenye kazi nyingi inachukua zaidi. Masaa hayo yote, RAID 5 haina ulinzi wowote. Na disiki zinazobaki mara nyingi zilinunuliwa siku moja, katika katoni moja, na zimefanya kazi masaa yale yale.

Hilo si woga mtupu. Mnamo Novemba 2019, kampuni ya HPE ilitangaza kwamba aina fulani za disiki zake za SSD zilikuwa na kosa katika programu yao ya ndani: zikifikisha masaa 32,768 ya kazi, yaani miaka 3, siku 270 na masaa 8, zinakufa, na habari zake hazirudi. Mtu aliyewasha disiki hizo zote siku moja angezipoteza zote karibu saa moja. Hakuna RAID inayoweza kumwokoa. Waliosalimika ni wale waliosoma tangazo na kuweka programu mpya mapema.

Karte inayoficha mambo

Kuna njia mbili za kuongoza kundi la disiki. Ya kwanza ni programu ya Linux yenyewe. Ya pili ni karte maalum ndani ya serveri, yenye ubongo wake mdogo na kumbukumbu yake. Serveri nyingi za Dell zinakuja na karte ya PERC, za HPE zinakuja na Smart Array, na nyingine zinatumia MegaRAID, iliyotengenezwa na LSI na leo iko chini ya Broadcom.

Karte hiyo ina uzuri wake, lakini inaleta shida moja ambayo wengi hawaijui: inaficha disiki. Linux haioni disiki nne, inaona moja tu. Fundi akiandika amri ya lsblk, atasoma sda, basi. Nyuma ya sda hiyo disiki moja inaweza kuwa imekufa tangu miezi sita, na serveri inaendelea kufungua mafaili kama kawaida. Watumishi hawaoni kitu. Mkubwa wa ofisi haoni kitu. Siku disiki ya pili itakapokufa, watasema mashine imeharibika kwa ghafula, kumbe ilikuwa inaomba musaada nusu mwaka.

Kwa hiyo mwenye kulinda serveri sherti aongee na karte yenyewe. Kila mtengenezaji ana programu yake: storcli kwa MegaRAID, perccli kwa PERC, ssacli kwa Smart Array, arcconf kwa Adaptec. Zote zinakwenda juu ya Linux na zinaweza kuwekwa siku ya kwanza. Kwa MegaRAID, amri ya storcli /c0/vall show inaonyesha hali ya kundi: Optl maana yake kundi ni zima, Dgrd maana yake limepungukiwa. Amri ya storcli /c0/eall/sall show inaonyesha disiki moja moja: Onln inafanya kazi, Rbld inajengwa upya, UBad ni mbovu. Na smartctl inaweza kupita ndani ya karte na kusoma afya ya kila disiki, ikiwa inaambiwa ni karte ya namna gani.

Kazi hiyo haihitaji njinia kutoka ng'ambo. Ni dakika tano kila Jumatatu, na daftari la kuandika jibu. Afadhali tena kuiachia mashine ijiulize yenyewe kila saa na kutuma ujumbe mara neno Optl linapobadilika. Karte nyingi zina hata kengele inayolia disiki inapokufa. Lakini kengele katika chumba kilichofungwa haina faida, na mahali pengine mtu wa kwanza kuisikia anatafuta namna ya kuizima ili alale.

Kuna kosa lingine linaloua serveri nyingi: kutoa disiki nzima na kuacha ile mbovu. Fundi anafika kwa haraka, anaona disiki nne zinazofanana, anavuta ya pili kutoka kushoto. Kama kundi ni RAID 5 na lilikuwa limekwisha kupungukiwa, kazi imesimama hapo hapo. Dawa yake ni rahisi. Karte inaweza kuambiwa iwashe taa ya disiki inayotafutwa, kwa amri ya start locate, na kila disiki inaweza kubandikwa namba yake kwa karatasi tangu siku ya kwanza.

Umeme ukikatika

Lualaba ina vituo vya umeme vya Nzilo na Nseke, na tangu 1982 ndipo unapofikia waya mrefu unaotoka Inga, njia ya kilomita 1,700 hivi. Hata hivyo kila mkaaji wa Kolwezi anajua giza la ghafula. Nje ya muji, mahali pengi panaishi kwa paneli za jua na grupu ya mafuta.

Hilo linagusa karte moja kwa moja. Ili iende mbio, karte inapokea habari katika kumbukumbu yake ya muda na kuiambia Linux kwamba zimekwisha kuandikwa, wakati bado hazijafika kwenye disiki. Umeme ukikatika dakika hiyo, kinachookoa habari hizo ni batri ndogo iliyo juu ya karte, au katika karte mpya zaidi, kifaa kinachohifadhi umeme wa kutosha kuhamishia habari kwenye kumbukumbu isiyofutika.

Batri hiyo inazeeka, na joto linaizeesha haraka. Ikifa, karte yenye akili inaacha mwendo wa haraka na kuandika polepole, moja kwa moja kwenye disiki. Serveri inakuwa nzito, watu wanalalamika, na fundi anaitwa. Hapo ndipo uamuzi mubaya unapofanyika: badala ya kununua batri, fundi anailazimisha karte iendelee na mwendo wa haraka bila batri. Watu wanafurahi, mpaka umeme ukatike. Mkubwa yeyote anayeambiwa serveri imerudia mwendo wake mzuri anapaswa kuuliza swali moja: batri mpya iko wapi?

Disiki zote nzima, habari hakuna

Sasa fikiria karte yenyewe ikifa. Disiki zote ni nzima, habari zote zimo ndani, lakini mpangilio wake umeandikwa kwa namna ya mtengenezaji wa karte. Mara nyingi sherti ipatikane karte nyingine ya ukoo ule ule. Mgodi mkubwa wa Kolwezi au Fungurume unaweza kuwa na kandarasi, stoo ya vipuri na mafundi wa zamu usiku na mchana. Kwao karte ni chaguo la akili. Lakini Musumba iko mamia ya kilomita kutoka Kolwezi, na wakati wa mvua barabara inaamua yenyewe nani atafika. Karte inayoagizwa Lubumbashi, Johannesburg au Dubai inaweza kuchukua majuma.

Na hata ikifika, kuna mtego wa mwisho. Karte mpya inaona disiki zilizopangwa na mwingine, na inaziita za kigeni. Inatoa njia mbili: kupokea mpangilio huo, au kuufuta. Mtu asiyefundishwa anaweza kusoma neno kigeni na kudhani ni uchafu wa kusafisha. Akichagua kufuta, amefuta njia ya kurudia kazi ya miaka.

Ndiyo sababu kwa lopitali, shule na ofisi zilizo mbali na Kolwezi, njia ya kwanza inafaa zaidi: kuacha Linux yenyewe iongoze disiki, kwa programu ya mdadm. Haina ada. Hali ya kundi inasomwa kwa amri moja, cat /proc/mdstat. Inajua kutuma ujumbe disiki inapokufa. Na jambo kubwa kuliko yote: serveri ikiungua kabisa, disiki zake zinaweza kuingizwa katika ordinatere nyingine yoyote yenye Linux, hata ya mezani iliyokopwa kwa jirani, na mdadm italitambua kundi lake. Ufunguo hauko mikononi mwa duka la mbali.

Wenye kutetea karte watasema kwamba inakwenda haraka zaidi na inaupunguzia ubongo wa serveri kazi. Ni kweli kwa benki au mgodi wenye maelfu ya maandishi kwa sekunde. Lopitali inayoandika wagonjwa mia mbili kwa siku haitaona tofauti. Watasema pia kwamba mdadm haina batri. Ni kweli vilevile, lakini pia haidanganyi Linux kwamba habari zimefika kabla hazijafika. Bado onduleri nzuri inahitajika, inayoweza kuiambia serveri ijifunge kwa utaratibu kabla ya giza. Onduleri hiyo ilihitajika hata pamoja na karte.

Nakala katika nyumba nyingine

Hata mpango bora wa disiki hauwezi kuzuia moto, mwizi, radi, au mkono uliofuta faili kwa kosa. Kioo kinaonyesha kila kitu, hata kosa: faili ikifutwa kwenye disiki moja, inafutwa kwenye zote papo hapo. Ndiyo sababu RAID si nakala ya akiba.

Anayedhani hilo ni tatizo la inchi maskini aitazame Korea ya Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025, moto uliwaka katika kituo cha serikali cha kuhifadhi habari huko Daejeon. Hazina ya mafaili ya watumishi wa serikali, terabaiti 858, iliteketea, na haikuwa na nakala nje ya jengo hilo. Mashine zilikuwa za kisasa. Kilichokosekana ni nakala mahali pengine.

Kwa Musumba, nakala hiyo haihitaji intaneti ya kasi. Disiki mbili za nje, zenye kufungwa kwa neno la siri, zinaweza kupokezana: moja inabaki karibu na serveri, nyingine inakaa katika nyumba ya pili iliyo mbali kidogo, na kila juma zinabadilishana. Mara moja kwa miezi mitatu, nakala ijaribiwe kwa kufungua mafaili machache juu ya ordinatere nyingine. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Anayelipa aandike masharti

Lawama zisiwekwe juu ya fundi peke yake. Mara nyingi anaitwa siku ya kufunga mashine, analipwa, anarudi Kolwezi au Lubumbashi, na hakuna aliyeandika nani atafanya nini mwezi unaofuata. Aliyetoa feza anapiga picha, anatuma ripoti, mradi unafungwa. Disiki ya kwanza inakufa mwaka wa tatu.

Tangu Kanuni ya Madini ilipobadilishwa mwaka 2018, kampuni za madini zinapaswa kutenga 0.3% ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii. Mashirika na makanisa nayo yananunua vifaa. Kila mahali ambapo feza hizo zitanunua serveri, karatasi ya ununuzi ingepaswa kuwa na mambo matano: disiki mbili za akiba zinazokaa mahali hapo, karte ya pili ya aina ile ile, au mdadm badala ya karte, onduleri inayozungumza na serveri, nakala katika nyumba nyingine, na watu wawili wa mahali hapo waliofundishwa kubadilisha disiki, si mmoja, kwa sababu mmoja anaweza kuhamishwa. Mafunzo hayo yamalizike kwa jaribio la kweli: disiki moja ivutwe mbele ya wote kabla serveri haijaanza kazi, na wafundishwaji wairudishe hali ya Optl bila kusaidiwa. Vyuo vya Kolwezi vingeweza kutuma wanafunzi wa informatiki kufanya mazoezi ya kazi katika teritware, badala ya wote kusongamana katika ofisi za muji.

Sheria nayo ipo. Kanuni ya Dijitali, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inawataka wanaokusanya habari za watu wazilinde. Sheria hiyo isibaki kitu cha Kinshasa. Mwenye kushika majina ya wagonjwa wa Kapanga anahusika nayo sawa na benki.

Hesabu ya mwisho si ya terabaiti. Kongo haijafanya sensa tangu 1984. Katika inchi ambayo haijahesabu watu wake kwa zaidi ya miaka arobaini, daftari la lopitali au la ofisi ya raia linaweza kuwa mahali pekee panapothibitisha kwamba mtoto fulani alizaliwa, siku gani, na nani. Mgonjwa wa kifua kikuu anayefikisha mwezi wa nne wa dawa anahitaji mtu ajue kwamba ni mwezi wa nne. Mjane anayedai haki ya mume wake anahitaji karatasi ipatikane. Watu hao hawatauliza kama ilikuwa RAID 5 au RAID 10. Watakuja dirishani, watataja jina, na watangoja.

Disiki ya akiba bei yake ni ndogo sana mbele ya hayo. Inunuliwe pamoja na serveri, iwekwe kabatini, na ufunguo wa kabati ushikwe na mtu anayejua siku ya kuufungua.